Makumbi

Makumbi huzikwa kwenye tope la pwani miezi sita,
wengine huyaacha hata kumi.
Yakifukuliwa yananuka, paka anahama.
Miye nikiyapiga tangu jua la asubuhi mpaka maji yarudi,
rungu la mkwaju mkononi,
na Uroa nzima ikijua: huyo Kazija.

Sasa nimezikwa miye.
Si topeni. Ndani ya ngozi yangu mwenyewe.

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi, Mnazi Mmoja,
napanda mizani kabla ya kupanda kitanda.
Nesi Warda anasoma: hamsini na saba na nusu.
"Bi Kazija, uzito wako mkavu hamsini na nne. Umekunywa?"
Nimekunywa, mwanangu.
Figo zimekufa, koo halikupata habari.

Anabonyeza kifundo cha mguu, shimo linabaki
kama kidole kwenye unga wa maandazi.
Halafu sindano mbili, mkono wa kushoto,
pale mshipa ulipounganishwa, unaponguruma ukiugusa.
Saa nne mashine inanifua na kunikamua.
Nikishuka, ndama za miguu zimekaza kama mafundo.

Miaka miwili mizani ikisema hamsini na nne,
hamsini na nne, na kila mtu akiridhika.
Mizani haisemi uongo. Husema nusu.
Nyama ilikuwa ikiondoka kidogo kidogo
na maji yakiingia mahala pake,
kama mpangaji anayehamia usiku
chumba cha marehemu, kwa kodi ile ile.

Aliyeniambia kweli ni mbuzi ya kukunia.
Nazi moja, nikapumzika mara tatu.
Nikajifanya naangalia kuku.

Ndipo akaja Vuai, kijana wa mazoezi,
na kidude cha chuma chenye saa.
"Kibane, bi mkubwa, kwa nguvu zako zote."
Nikabana hata macho yakatoka machozi.
Kumi.
Kumi ya nini?
"Kilo."
Nikautazama mkono. Mkono huu
uliwahi kumrudisha zizini ng'ombe aliyekataa.

Wakashusha uzito mkavu: hamsini na mbili.
Nikasema mnaniibia.
Lakini wiki ya tatu nililala chali,
mto mmoja, sikuzama.

Chumvi, kwaheri. Ute wa yai, karibu.
Samaki kipande cha kiganja, kiganja changu si cha Vuai.
Maji kwa kikombe cha kahawa, vikombe vya kuhesabu,
na cha mwisho nakiweka mpaka nimeshasali isha,
nakitazama, nacho kinanitazama.
Mjukuu wangu Simai akinywa dafu hunipa mgongo.
Adabu hiyo. Ila namsikia koo.
Maisha yangu yote nimekula kwa mnazi,
leo maji yake ni sumu ya moyo wangu.

Vuai akanipa mpira wa kubana mashine ikizunguka.
Mpira! Nikamrudishia.
Siku ya pili nikaja na donge la usumba mfukoni.
Nesi Warda akalitazama kama panya,
akafikiri,
akalitia ndani ya glavu, akalifunga fundo.
"Haya. Bana."
Mkono wa kulia unabana, wa kushoto unachujwa,
na kitanda cha pili Mzee Kombo anacheka:
"Huyu kaja na mtaji wake."

Nyumbani nainuka kitini mara tano bila kushika kitu.
Ya tano hunishinda nusu njia,
nabaki hapo, nimeinama, kama mtu aliyesahau alichotaka.

Mwezi uliopita kile kidude kilisema kumi na mbili na nusu.
Sikumwambia mtu. Nikaketi barazani
nikasokota kamba juu ya paja, pima tatu,
haina umbo, nene hapa, nyembamba pale,
ya kumfungia mbuzi wa jirani yangu Pandu.

Mbuzi kaikata siku ya pili.

Nimeuloweka usumba mwingine, kidogo tu,
ulainike, usivimbe.
Kesho Jumamosi.
Jumapili nasokota.